Kwa nini ndege yenye tairi la mkia humponyoka rubani ikishagusa ardhi: Kisa cha Tabora, 1928

Aprili 10, 1928, ndege ndogo ya mbao na kitambaa ilifika Tabora ikitokea kaskazini. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu: Lady Mary Bailey, mama wa watoto watano, umri miaka 37. Alikuwa ameondoka London mwezi mmoja uliopita, Machi 9, akielekea Cape Town peke yake.

Hadi siku hiyo alikuwa ameshavuka bahari ya Mediterania, ameshafuata mto Nile, ameshapita Sudan. Kilichomharibia ni zile mita chache za mwisho, pale chini, uwanjani Tabora. Kutua kulikwenda vibaya, na ndege ikavunjika kiasi cha kutofaa tena kwa safari. Mwenyewe alitoka mzima.

Lady Bailey hakuwa mbumbumbu wa urubani. Leseni yake aliipata mwaka 1927, na kufikia Tabora alikuwa ametua kwenye viwanja vingi ambavyo hajawahi kuviona kabla. Lakini ndege aliyokuwa akiiendesha ni ya aina ambayo, hadi leo, huwashinda hata marubani wenye saa nyingi angani. Hewani ni mpole. Ardhini ni mkaidi.

Walihofia Sudan, ajali ikatokea Tabora

Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika safari hii. Lady Bailey alipofika Cairo, wakuu wa Kiingereza waliifungia ndege yake. Hawakutaka mwanamke aruke peke yake juu ya Sudan ya kusini, ambako walisema hakuna usalama endapo injini itazima. Mwishowe aliruhusiwa kuendelea, kwa sharti kwamba kipande cha kusini mwa Khartoum asindikizwe. Aliyemsindikiza ni Dick Bentley, rubani wa jeshi la anga la Afrika Kusini ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amesafiri na ndege ya aina hiyohiyo kutoka London hadi Cape Town.

Hofu ilikuwa ni kinamasi, simba na watu wa porini. Hakuna aliyefikiria kumsindikiza Tabora, mji wa reli, wenye maduka na ofisi za serikali.

Na Tabora haikuwa mahali pageni kwa wasafiri. Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, hapa ndipo njia zilipogawanyika: moja kwenda magharibi ziwani Tanganyika, nyingine kaskazini Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, Novemba 7. Zaidi ya miezi minne kwa miguu. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, safari hiyo ikawa ya siku chache. Ndege ikaigeuza kuwa ya saa.

Moth ilikuwa ndege ya namna gani

Ndege ya Lady Bailey ilikuwa de Havilland DH.60 Moth. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, viti viwili vilivyo wazi kwa upepo, na injini moja ndogo puani. Bila mzigo haifiki kilo 500.

Mbele, chini ya mabawa, ina magurudumu mawili. Nyuma kabisa, chini ya mkia, ndege za siku hizo hazikuwa hata na tairi. Zilikuwa na kipande kifupi cha mbao chenye chuma mwishoni, kinachoburuzika kwenye nyasi. Breki hazikuwapo. Kile kipande cha mkia ndicho kilichokuwa breki, na ndicho kilichosaidia kuishika ndege iende sawa.

Baadaye kipande hicho kikabadilishwa kuwa gurudumu dogo, ndiyo maana ndege za muundo huu zikaitwa ndege za tairi la mkia. Utaitambua hata kwa mbali: ikiwa imesimama, pua inatazama juu na mkia umekaa chini, kama mbwa aliyeketi. Ndege ndogo nyingi tunazopanda leo ni kinyume chake. Zina gurudumu puani na zinasimama mgongo ukiwa sawa na ardhi.

Tofauti hiyo inaonekana ya mapambo tu. Kumbe ndiyo yote.

Fikiria tela linalorudishwa nyuma

Dereva wa gari linalovuta tela akienda mbele hana shida. Tela likiyumba kidogo linajirudi lenyewe nyuma ya gari. Sasa mwambie alirudishe nyuma. Kosa dogo la usukani linakuwa kubwa, kubwa linakuwa kubwa zaidi, na asipowahi, tela linakunja upande.

Ndege yenye gurudumu puani ni kama lile tela linalovutwa. Uzito wake mkubwa uko mbele ya magurudumu makuu. Ikigusa ardhi ikiwa imekaa upande kidogo, uzito ule unaivuta irudi kwenye mstari.

Ndege ya tairi la mkia ni tela linalorudishwa nyuma. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makuu. Tuseme pua imegeuka kidogo tu kushoto. Uzito ulioko nyuma bado unataka kwenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo unausukuma mkia utoke nje, upande wa kulia. Mkia ukitoka, pua inazidi kwenda kushoto. Pua ikizidi, mkia nao unazidi. Rubani asipowahi, ndege inajizungusha yenyewe palepale ardhini.

Katika mzunguko huo ndege inalalia upande wa nje. Bawa la upande huo linashuka na kukwangua ardhi. Mguu wa gurudumu la nje, uliotengenezwa kubeba uzito kutoka juu, unapigwa kutoka ubavuni na mara nyingi unakunjika. Kisha pangaboi linalima udongo. Yote hayo huchukua sekunde tatu au nne.

Watu kufa katika ajali ya namna hii ni nadra, kwa sababu mwendo unakuwa umeshapungua. Lakini ndege inaweza kulala karakana miezi mingi. Na kwa mtu aliye peke yake, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, mguu uliokunjika ni safari iliyokwisha.

Hatari inakuja mwendo ukipungua

Mtu asiyejua atasema: ikishagusa ardhi, kazi imekwisha. Marubani wa ndege hizi wanajua kwamba hapo ndipo inapoanza.

Hewani, na hata katika mwendo wa kasi ardhini, rubani anaiongoza ndege kwa usukani wa mkia, ule ubao uliosimama wima unaogeuzwa kwa pedali za miguuni. Ubao huo unahitaji upepo upite juu yake ndipo ufanye kazi. Kadiri ndege inavyopunguza mwendo, upepo unapungua, na miguu ya rubani inakuwa na nguvu kidogo zaidi na zaidi. Kinafika kipindi kifupi ambapo usukani wa mkia umechoka na tairi la mkia bado halijashika ardhi vizuri. Hapo ndege haina mwenyewe.

Tena rubani haoni mbele. Mkia ukikaa chini, pua inaziba njia yote. Anatazama kingo za uwanja, kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na kukisia kama anakwenda sawa. Ndege ikianza kugeuka, anatakiwa aijue kabla haijaonekana. Walimu wa urubani wana maneno mengi juu ya hili, lakini kwa ufupi wanataka miguu iwe hai: kusukuma kidogo, kuachia, kusukuma kidogo, kuachia. Anayesubiri hadi aone kosa huwa amechelewa, naye akishtuka hukanyaga pedali kwa nguvu, ndege ikageukia upande wa pili kwa kasi kuliko mwanzo.

Hewa ya Tabora si hewa ya London

Hapa ndipo mahali penyewe panapoingia kwenye hesabu.

Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyembamba kuliko ya Dar es Salaam au ya London. Jua likipanda, joto linaifanya iwe nyembamba zaidi. Mchana wa nyuzi 30, ndege inayotua Tabora inaelea katika hewa kama ya mlima wa mita 2,000 hivi.

Bawa halijali rubani anaona nini. Linahitaji kiasi fulani cha hewa ili kubeba uzito. Hewa ikiwa nyembamba, lazima bawa lipite kwa kasi zaidi kupata kiasi kilekile. Kipima mwendo nacho kinapima msukumo wa hewa hiyohiyo nyembamba, kwa hiyo hakimwambii rubani kwamba kuna tofauti. Kikisoma kilomita 70 kwa saa, ardhini ndege inakwenda kama kilomita 77.

Kilomita 7 zinaonekana chache. Lakini nguvu ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, hivyo ndege hiyo inagusa ardhi ikiwa na karibu moja ya tano zaidi ya nguvu za kumaliza, bila breki. Na jicho lililozoea viwanja vya chini vya Uingereza linaona ardhi ikipita haraka, linamdanganya rubani kwamba ana mwendo wa kutosha na zaidi. Akipunguza, bawa linaachia ghafla na ndege inadondoka.

Miaka minane kabla ya Lady Bailey, Tabora ilikuwa imeshaonja ajali ya safari kubwa. Februari 27, 1920, ndege ya injini mbili aina ya Vickers Vimy Commercial, iliyokuwa ikijaribu kufika Cape Town kwa ajili ya gazeti la The Times, iliangukia hapa. Ilikuwa inaondoka, siyo inatua. Injini zake zilikuwa zimewasumbua njia nzima, na katika hewa ya Tabora injini dhaifu haina pa kujificha. Watu watano waliokuwamo, pamoja na mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell, wote walipona. Ndege haikuruka tena.

Kudunda, na kupinduka kwa pua

Kuna makosa mengine mawili yanayotokana na uzito ule ule ulioko nyuma.

La kwanza ni kudunda. Magurudumu ya mbele yakigonga ardhi kwa nguvu, mkia unaendelea kushuka. Mkia ukishuka, bawa linaelekea juu, linapata nguvu ya kubeba, na ndege inarudi hewani. Sasa iko mita mbili juu na mwendo umekwisha. Rubani mwoga anasukuma fimbo mbele airudishe chini, inagonga tena, inadunda juu zaidi. Mara ya tatu huvunja kitu. Dawa yake ni kuongeza moto wa injini, kupaa, kuzunguka na kuja upya. Hilo linataka mtu ameze aibu mbele ya watu waliojipanga uwanjani kumtazama, na si rahisi kama linavyosikika.

La pili ni kupinduka. Magurudumu makuu yako mbele karibu na pua, kwa hiyo yakikwama kwenye tope, shimo au kichuguu, mkia unanyanyuka na ndege inasimama kwa pua, au inalala chali. Beryl Markham, aliyekulia Njoro nchini Kenya na kujifunza urubani hapa hapa Afrika Mashariki, yalimkuta mwaka 1936. Alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, mafuta yakakatika, akashukia kinamasi cha Cape Breton huko Kanada. Magurudumu yalizama, ndege ikasimama kwa pua. Alitoka na jeraha kichwani.

Upepo wa ubavuni

Viwanja vya miaka ya 1920 vilikuwa na faida moja ambayo tumeisahau. Vingi vilikuwa uwanda wazi, hauna njia maalumu. Rubani alitazama moshi wa majiko au kitambaa kwenye mti, akajua upepo unatoka wapi, akatua akiukabili.

Njia ya kurukia ikishajengwa, ina mwelekeo wake na upepo una wake. Upepo ukipiga kutoka ubavuni unausukuma mkia, maana huko nyuma ndiko kwenye ubavu mpana. Pua inageukia upepo unakotoka, na lile tela letu linaanza kukunja. Nyasi zina huruma kidogo kwa sababu tairi linaweza kuteleza kando bila madhara. Lami haina. Inalishika tairi, na ndege iliyogusa ikiwa imekaa upande inarushwa papo hapo. Uwanja wa Tabora leo ni wa lami, na kwa ndege za abiria hilo ni jambo jema kabisa. Kwa Moth ya mwaka 1928 ingekuwa balaa jingine.

Mbona bado zipo?

Baada ya Vita Kuu ya Pili watengenezaji walihamia gurudumu la puani. Mfano unaojulikana zaidi ni Cessna 172, iliyotoka mwaka 1956. Kimsingi ilikuwa Cessna 170, ndege ya tairi la mkia, iliyohamishiwa gurudumu mbele. Kutua kukawa jambo la mwanafunzi wa kawaida, na 172 ikawa ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani.

Hata hivyo porini hali ni tofauti. Gurudumu la puani ni mguu mwembamba uliotangulia mbele. Likiingia kwenye shimo la nyani au mhanga, linavunjika na pangaboi linafuata. Ndege ya tairi la mkia inabeba pua yake juu, mbali na mawe na visiki, na gurudumu lake la nyuma ni jepesi na rahisi kulitengeneza. Ndiyo maana Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu wanyama wa Serengeti miaka ya 1950 walitumia Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, nayo ni ya tairi la mkia. (Michael alifariki Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai angani, kutua hakukuhusika.) Shirika la Wanyamapori Kenya limetumia Piper Super Cub na Aviat Husky katika doria, zote za muundo huo. Zinaruka taratibu, zinatua kwenye kipande kifupi cha majani, na kwa askari wa wanyamapori anayefuatilia majangili hilo lina maana kuliko starehe ya kutua.

Kwa hiyo ujuzi haujafa, ila umekuwa wa wachache. Marekani, tangu mwaka 1991, rubani hawezi kuwa nahodha wa ndege ya tairi la mkia mpaka mkufunzi aandike kwenye daftari lake la safari kwamba amefundishwa na ameweza, isipokuwa wale waliokwisha kuziendesha kabla ya hapo. Mafunzo yenyewe ni ya miguu zaidi kuliko ya mikono. Mwanafunzi anafundishwa kuvuta fimbo hadi mwisho na kuishikilia hapo baada ya kutua, ili mkia ubaki umekandamizwa chini. Anafundishwa kutua kwa magurudumu matatu kwa pamoja, na pia kwa yale mawili ya mbele pekee upepo ukiwa mkali. Zaidi ya yote anafundishwa kutoacha kuiendesha ndege mpaka imesimama kabisa. Wengi huharibu wakati wameshaanza kutafuta mahali pa kuegesha.

Lady Bailey alibadilisha ndege

Zamani misafara kutoka pwani ikifika Tabora, wapagazi wengi walilipwa na kuachiwa, na wengine wapya wakaajiriwa kwa safari ya mbele. Lady Bailey naye alibadilisha. Alimpelekea mumewe, tajiri wa migodi Sir Abe Bailey, simu ya maandishi, naye akapanga Moth nyingine iletwe Tabora kutoka Afrika Kusini.

Alisubiri hapo hadi ilipofika, akaondoka nayo kuelekea kusini, na Aprili 30, siku 20 baada ya ajali, alitua Cape Town.

Wengi wangerudi Uingereza kwa meli. Yeye aliamua kurudi kwa ndege, safari hii akipita magharibi: Kongo, pwani ya Atlantiki, kisha ukingo wa Sahara. Njia ile haikumpitisha tena Tabora. Alitua Croydon, nje ya London, Januari 16, 1929.